HISTORIA KIDOGO: KWA NINI FILAMU YA PICHA INAIOGOPA MASHINE YA UWANJA WA NDEGE

Najua wengi mmezoea kukuta hapa habari za boom kuchelewa, vimbweta kujaa na desa lisilosomeka. Leo mnivumilie kidogo, nataka kuandika historia. Na wala si historia ya kukariri miaka kwa ajili ya UE. Ni historia ya kitu kinachoenea kiganjani: filamu ya kamera, ile roli ya picha 36, na mkasa wake na mashine za ukaguzi kwenye viwanja vya ndege.

Mtu atasema, filamu tena? Si zilishakufa? Ndugu yangu, hazijafa. Vijana wa huko duniani wamezirudia kwa fujo, na huku kwetu Singida kuna majumba yenye roli ambazo hazijawahi kusafishwa, zimekaa kabatini tangu enzi za Mzee Ruksa. Kwa hiyo swali ni la leo kabisa.

FILAMU NI NINI HASA

Kwa wale waliozaliwa wakakuta simu zina kamera: filamu ni utepe wa plastiki uliopakwa jelatini, na ndani ya jelatini hiyo kuna chembechembe ndogo mno za chumvi ya madini ya fedha. Ndiyo, fedha ile ile ya hereni. Mwanga ukigonga chembe, chembe inabadilika. Mabadiliko hayo huyaoni kwa macho mpaka filamu iingizwe kwenye dawa, ndiyo ile kazi tuliyoiita "kusafisha picha". Kabla ya kusafishwa, picha imo lakini imelala. Ikipata mwanga mwingine kabla ya wakati, picha inaharibika, na hakuna nakala. Huwezi kusema nitaitoa kwenye barua pepe. Ipo moja tu.

Kila filamu ina namba ya wepesi wake wa kunasa mwanga, iitwayo ISO, zamani ASA. Filamu ya 100 au 200 ni nzito, inataka jua la Singida la saa sita. Ya 800 au 1600 ni nyepesi, inanasa hata kwenye giza la ukumbini. Kadiri inavyokuwa nyepesi kunasa mwanga, ndivyo inavyokuwa nyepesi kunasa na visivyotakiwa. Shika hilo, tutalirudia.

ENZI ZA JOTO NA MELI

Mkoa wetu ulianza kupigwa picha zamani kuliko wengi wanavyodhani. Kati ya 1934 na 1939 daktari na mpelelezi mmoja wa Kijerumani, Ludwig Kohl-Larsen, alifanya safari mbili ndefu za utafiti maeneo ya Ziwa Eyasi na Isanzu, ambako leo ni Wilaya ya Mkalama na jirani zake. Alichimba mapango, akakusanya hadithi za Waisanzu na Wahadzabe, na akazinakili michoro ya miambani. Mwaka 1938 akachapisha kitabu Ujerumani kuhusu michoro hiyo. Yaani mawe ambayo sisi tunapanda kuchungia mbuzi yalishafika Ulaya kwenye karatasi kabla babu zetu hawajaoa.

Enzi hizo adui wa filamu hakuwa askari wala mashine. Adui alikuwa joto, vumbi na unyevu. Ndege zilikuwepo: mwaka 1932 shirika la Kiingereza la Imperial Airways lilifungua njia ya kutoka Cairo mpaka Cape Town, na vituo vyake hapa kwetu vilikuwa Moshi, Dodoma na Mbeya. Msingida wa wakati huo angeweza kusikia ndege ikitua Dodoma. Lakini ukaguzi wa begi lako kutafuta silaha? Haukuwepo. Abiria walikuwa wachache, wenye fedha, na wote wakionekana waungwana.

EKSIREI NA FILAMU NI NDUGU

Hapa ndipo pananifurahisha. Watu wanadhani eksirei na filamu ni maadui waliokutana uwanja wa ndege. Kumbe ni ndugu wa damu.

Tarehe 8 Novemba 1895, huko Würzburg, Ujerumani, Wilhelm Röntgen aligundua miale asiyoijua jina, akaiita X. Mwezi uliofuata akaweka mkono wa mke wake juu ya bamba la picha, miale ikapita, na bamba likaonyesha mifupa na pete. Ile picha ya kifua uliyopigwa hospitali ni mjukuu wa bamba lile. Kwa hiyo kama filamu ndiyo iliyoshuhudia eksirei tangu mwanzo, kwa nini tushangae ikiiona tena ndani ya begi?

Mwaka uliofuata, 1896, Mfaransa Henri Becquerel aliweka chumvi ya urani juu ya bamba la picha lililofungwa kwenye karatasi nyeusi. Mwanga haukuingia, lakini bamba likaingia doa. Ndivyo mionzi ya asili ilivyogunduliwa, kwa picha iliyoharibika. Nawakumbusha tu kwamba urani hiyo hiyo imekutwa ardhini Manyoni, na kampuni za utafiti zimeshapita huko na mitambo yao. Mwanafunzi wa Manyoni akiambiwa Becquerel ni habari ya Wazungu, mwambieni si kweli.

Kuna kisa kingine. Julai 1945 Marekani ililipua bomu la kwanza la atomu, la majaribio, katika jangwa la New Mexico. Ilikuwa siri kubwa. Lakini kiwandani Kodak wakaanza kuona madoa kwenye filamu za eksirei. Mwanafizikia wao, Julian Webb, akafuatilia mpaka kwenye maboksi: karatasi ngumu ya kufungia ilitengenezwa Indiana, mbali sana na jangwa lile, kwa maji ya mto yaliyopata vumbi la bomu. Serikali ilikaa kimya, filamu ikasema.

WATEKAJI WALETA FOLENI

Sasa tufike uwanjani. Kilicholeta mashine ni utekaji nyara. Kuanzia 1968 ndege za Marekani zilitekwa moja baada ya nyingine, nyingi zikilazimishwa kwenda Cuba. Ilikuwa kama mchezo vile, mpaka watu wakaanza kufa. Tarehe 5 Januari 1973 Marekani ikaanza kukagua kila abiria na kila begi la mkononi. Lango la kugundua chuma likasimama, na pembeni yake mashine ya eksirei. Lango la chuma halina neno na filamu. Mashine ya begi ndiyo yenye neno.

Afrika Mashariki nasi hatukupona. Juni 1976 ndege ya Air France iliyotoka Tel Aviv ilitekwa baada ya kutua Athens, ambako watekaji walipanda. Ikaishia Entebbe, Uganda, kwa Idi Amin, na usiku wa kuamkia 4 Julai makomando wa Israeli wakaja kuwaokoa mateka. Wengi tunaijua Entebbe kwa sababu ya sinema. Lakini yetu wenyewe tumeisahau.

Tarehe 26 Februari 1982 Boeing 737 ya Air Tanzania iliruka Mwanza kwenda Dar es Salaam. Safari ya ndani tu, ya watu wa kawaida. Vijana wenye silaha wakaiteka, wakitaka Mwalimu Nyerere ajiuzulu. Ndege ikapelekwa Nairobi, kisha Jeddah, kisha Athens, na mwisho ikatua Stansted, Uingereza. Huko Oscar Kambona, waziri wa zamani aliyekuwa akiishi uhamishoni, akahusika kwenye mazungumzo. Tarehe 28 Februari wakajisalimisha, wakashtakiwa na kufungwa Uingereza. Hebu uliza darasa la Kidato cha Nne kama wamewahi kulisikia hili. Mimi mwenyewe nimemaliza sekondari bila kulisikia, nimelikuta maktaba hapa kampasi nikitafuta habari nyingine.

Fikiria sasa kwamba ndani ya ndege kama ile kuna mtu wa Kanda ya Kati aliyekuwa Mwanza kwenye harusi, ana kamera na roli mbili. Kabla ya hapo aliyemkagua angemwuliza kabeba samaki wangapi. Baada ya visa kama hivi, ulimwengu mzima ukaanza kumtazama abiria kama mtuhumiwa mpaka ithibitike vinginevyo, na begi lake likalazimika kufunua moyo.

WALIOISHI KWA FILAMU

Kwa mwandishi wa habari filamu ilikuwa mshahara wake, na mara nyingine kesi yake. Mfano mzuri ni Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam. Alianzisha Camerapix akiwa Dar mwaka 1963, kijana mdogo wa umri wetu sisi hapa. Mwaka uliofuata akapiga picha za Mapinduzi ya Zanzibar. Mwaka 1966 akakamatwa huko huko Zanzibar na kuwekwa gerezani karibu mwezi mzima, kisha makazi yake yakawa Nairobi.

Kabla ya satelaiti kuwa jambo la kawaida, picha ya tukio la Afrika iliingia kwenye ndege ikiwa roli. Waandishi walizoea kumfuata abiria anayekwenda London, tena mtu wasiyemjua, wakamwomba achukue bahasha, atapokelewa huko. Leo ukimwomba mtu uwanjani akubebee kifurushi ataita polisi, na atakuwa sahihi! Wakati ule hatari kubwa ya filamu haikuwa mashine. Ilikuwa askari aliyefungua kamera na kuuvuta utepe wote nje, juani. Sekunde tano, kazi ya wiki nzima imekwisha.

Mohamed Amin ndiye aliyepiga picha za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 zilizoamsha dunia. Mwaka 1991 akapoteza mkono wa kushoto kwenye mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa, akaendelea na kazi. Na kilichomuua, jamani, ni utekaji nyara. Tarehe 23 Novemba 1996 alikuwa ndani ya ndege ya Ethiopian Airlines iliyotoka Addis kwenda Nairobi. Watekaji watatu wakamlazimisha rubani aelekee Australia, mafuta yakaisha, ikaangukia baharini karibu na Ngazija. Kati ya watu 175 walikufa 125. Nikisoma habari yake siwezi kuilalamikia foleni ya ukaguzi kirahisi. Ninachotaka ni foleni na filamu vyote viwepo.

MASHINE INAYOCHOMA KWELI

Mashine za kwanza za mabegi ya mkononi zilikuwa na mionzi midogo. Filamu ya 100, 200 hata 400 ingeweza kupita mara kadhaa bila kuonekana tofauti. Tatizo ni kwamba mionzi inajilimbikiza kama deni la dukani. Mpito wa kwanza husemi kitu, wa tano picha inaanza kupata ukungu: weusi unakuwa kijivu, rangi zinapauka, chenga zinaongezeka.

Mambo yalibadilika baada ya 21 Desemba 1988. Bomu lililofichwa ndani ya redio kaseti, kwenye sanduku lililopakiwa chini ya ndege, liliilipua Pan Am 103 juu ya Lockerbie, Scotland. Ikaonekana kumkagua abiria hakutoshi kama sanduku lake halikaguliwi. Miaka ya 1990 zikaja mashine za CT za masanduku, ndugu wa zile CT-Scan za hospitali. Hizi zinalizunguka sanduku na kulichungulia kutoka pande zote, na zikishuku kitu zinakitazama vipande vipande. Kwa filamu huo ni moto. Roli ikipita humo hutoka na mistari au mawimbi ya ukungu katikati ya picha.

Halafu likaja 11 Septemba 2001. Marekani ikaagiza kila sanduku likaguliwe kufikia mwisho wa 2002, na shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, likaweka 1 Januari 2006 kuwa siku ambayo masanduku yote ya safari za kimataifa lazima yakaguliwe. Kuanzia hapo sheria ya wapiga picha ikawa moja: usiweke filamu isiyosafishwa kwenye sanduku la kupakia, kamwe. Beba mkononi.

Kwa miaka kama kumi na tano sheria hiyo ilitosha. Sasa haitoshi. Viwanja vingi vikubwa duniani vimeanza kuweka mashine za CT hata kwa mabegi ya mkononi. Abiria wanazipenda kwa sababu huhitaji kutoa laptopu wala chupa za losheni. Lakini watengenezaji wa filamu, Kodak wakiwemo, wametahadharisha kwamba hata mpito mmoja unaweza kuiharibu filamu. Kile kilichokuwa kimbilio kimekuwa mdomo wa mamba.

ROLI ILIYOMO KWENYE KOPO

Sasa niseme kwa nini nimechimba yote haya. Shangazi yangu kule Kiomboi ana kopo la Africafe, na ndani yake kuna roli moja ambayo haijasafishwa. Iliachwa na marehemu babu, aliyekuwa akizunguka Iramba kwa baiskeli akipiga picha kwenye harusi, vipaimara na minada. Nani yumo humo hatujui. Shangazi anaamini bibi yumo, na bibi hatuna picha yake hata moja. Kijijini wanasema mpiga picha hana picha ya mkewe, kama fundi viatu anavyotembea peku.

Binamu yangu anasoma Ulaya, anarudi mwezi ujao, na mji anaosoma una maabara ya filamu za zamani. Njiani kuna viwanja vitatu. Tumekaa kikao cha simu, na haya ndiyo tuliyokubaliana. Nayaweka hapa kwa faida ya mwingine mwenye kopo kama letu.

Kwanza, roli ni ya mkononi, si ya sanduku. Hilo halina mjadala.

Pili, itakaa kwenye mfuko wa nailoni unaoonyesha ndani, nje ya begi. Akifika kwenye mkanda atamwambia ofisa, kwa adabu na mapema, kabla foleni haijaanza kusukumana: "Hii ni filamu ya zamani haijasafishwa, naomba ikaguliwe kwa mkono." Marekani abiria ana haki ya kuomba hivyo. Ulaya mara nyingi ni hiari ya ofisa, kwa hiyo lugha nzuri ndiyo visa yenyewe.

Tatu, atafika mapema. Ofisa asiye na haraka husikiliza.

Nne, akikataliwa aulize mashine ni ya aina gani. Dalili rahisi: ukiambiwa usitoe laptopu wala vimiminika, hiyo huenda ni CT, endelea kuomba. Kama ni ya kizamani na filamu ni ya 100 au 200, mpito mmoja si msiba.

Tano, ile mifuko ya risasi inayouzwa kwa ajili ya filamu haisaidii sana. Mkaguzi anaona doa jeusi kwenye skrini, lazima atafungua au atarudisha begi kwenye mashine.

Shangazi aliuliza swali zuri kuliko letu wote: "Na hilo joto la miaka yote hiyo, halijaiua tayari?" Jibu ni kwamba huenda limeipunguza. Joto linaizeesha filamu, na hata mionzi midogo inayotoka angani na kwenye miamba inailamba taratibu. Huku kwetu miamba ni ya itale, imejaa kila kona. Lakini filamu za zamani kuliko hii zimewahi kusafishwa na watu wakaonekana. Ndiyo maana hatutaki kuiongezea ukungu mwingine wa bure. Mzee aliyechoka humpandishi mlima.

KWA WALIMU WATARAJIWA

Tutakapokwenda TP, tutamwambia mwanafunzi kwamba vyanzo vya historia ni masimulizi, maandishi, mabaki ya kale na kadhalika. Yeye atakariri, atapata alama zake. Ila historia ya Singida ya miaka ya 60 hadi 90, ya vijiji vya Ujamaa, ya foleni za sabuni, ya timu za mtaa, kwa sehemu kubwa haiko vitabuni. Iko kwenye albamu, bahasha na makopo. Wapiga picha wa mitaani ndio walioiandika, na wengi wametangulia mbele ya haki.

Kwa hiyo ukienda likizo, uliza. Negativu, yaani zilizokwisha kusafishwa, hazina shida na mashine yoyote, pitisha hata mara mia. Kadi za kamera za dijitali nazo hazidhuriki. Zenye shida ni roli ambazo bado zimelala. Ukikuta imeandikwa Kodachrome, jua kwamba maabara ya mwisho duniani ya kuisafisha kwa rangi, huko Kansas, iliacha kupokea mwishoni mwa 2010. Leo inaweza kutoa nyeusi na nyeupe tu. Nyingine nyingi bado zina matumaini. Usiivute kuangalia kuna nini, tafadhali! Ifunge, iweke mahali pa baridi na pakavu, andika kwenye karatasi ilikuwa ya nani na ilipatikana wapi, kisha tafuta mtu wa kuisafisha.

Na wazee wanaojua majina ya watu waliomo kwenye picha wahojiwe sasa hivi, maana picha isiyo na jina ni mgeni tu aliyekaa sebuleni.

Haya, nimeandika sana leo. Jumatatu kuna test ya Saikolojia ya Elimu na desa sijalifungua hata ukurasa mmoja.